Bangili za Jenerali Mavumba

Nchi yenyewe si hii yetu, mtu asianze kujikuna mapema. Ilikuwa mbali huko, ukishapita nchi nyingine ambazo nazo si hii yetu, ikiitwa Jamhuri ya Shwarini. Watu wake walikuwa watulivu kwa mujibu wa sheria.

Shwarini ilikuwa na kila kitu ila Kilima Kipara. Kilima Kipara kilikuwa kwa jirani. Hakikuwa na maji, hakikuwa na madini, wala majani ya kumtosha mbuzi mgonjwa. Ila kilionekana vizuri sana kutoka dirisha la ofisi ya Jenerali Mavumba, na kilimkera. Basi wanaume wakapelekwa kukichukua. Wala haikuwa vita, jamani. Vita ni jambo baya, na Shwarini haikufanya mambo mabaya. Ilikuwa Ziara ya Kirafiki yenye Silaha.

Jenerali aliiongoza ziara hiyo yeye mwenyewe, kwa redio, kutoka hoteli moja yenye bwawa la kuogelea. Kila wanaume walipobanwa na risasi wakauliza kwa redio, "Tufanye nini?" ilirudi sauti nzito, sauti iliyoshiba: "Songeni mbele! Nipo nyuma yenu!" Na hakusema uongo. Alikuwa nyuma yao kweli, nyuma sana, upande wenye vivuli na juisi.

Kilima hakikuchukulika. Walioweza kurudi wakarudi. Jenerali naye akarudi bila hata mkwaruzo, akasifiwa kwa ustadi huo, akafanywa Waziri wa Utulivu. Chuo kimoja kikampa na udaktari wa heshima, kwa kuogopa kumnyima.

*

Miongoni mwa waliorudi alikuwamo Koplo Tindwa wa kijiji cha Mtondooni, mume wa Bi Siwatu. Mwili ulirudi wote, ukaguliwe popote. Lakini huyu alikuwa mtu wa kucheka mpaka majirani wanauliza kuna nini, na kicheko ndicho kilichobaki kilimani. Sasa alikaa mgongo ukutani, macho mlangoni. Mtu akibisha hodi kwa nguvu, Koplo yuko ghalani, kajifunika magunia. Uani alichimba handaki refu la kujifichia. Bi Siwatu hakumgombeza, alipanda viazi pembeni yake, maana udongo ulishalainika.

Kibaya zaidi kilikuwa mfuniko wa sufuria. Ukianguka tu, kwisha habari.

"Baba Rukia, toka uvunguni. Ni mfuniko."

"Mfuniko wa nini?"

"Wa maharage."

"Umeuona mwenyewe?"

"Nimeuangusha mwenyewe, mume wangu."

"Basi usiuangushe tena, Mama Rukia. Nakuomba."

Tangu siku ile Bi Siwatu akaacha kufunika sufuria. Walikula wali wenye moshi na maharage yenye majivu.

Mtondooni walikuwa wengi wa namna hiyo. Watu wakawa wanasema, "Fulani ana kilima," na kila mtu anaelewa. Serikali ikalipiga marufuku neno hilo, ikatoa lake zuri zaidi: Mtikisiko wa Hiari.

*

Siku moja ikaja gari ya Wizara, na ndani yake Bwana Hafidhi, Mratibu wa Taifa wa Mapigo ya Moyo. Suti yake ilimbana mpaka yeye mwenyewe mapigo yake yalionekana. Mashujaa wakaitwa uwanjani na wake zao.

"Ndugu wananchi mliotulia!" akaanza Bwana Hafidhi. "Sayansi imegundua kwamba mtikisiko ni uvivu wa mishipa! Dawa yake ni mazoezi! Kila shujaa atapewa bangili hii ya mkononi na simu hii ya kwenda nayo. Bangili itapima mwendo wake, pumzi yake na usingizi wake, na itamhimiza kwa maneno matamu. Haihitaji umeme. Inakula joto tu, popote penye joto inafanya kazi. Simu nayo itaonyesha rangi. Kijani, amepona. Nyekundu, amekataa kupona. Na rangi hiyo inaruka yenyewe angani mpaka Wizarani!"

"Na njano je?" akauliza Bi Kazija, mke wa Sajini Bausi, jirani na shoga wa Bi Siwatu.

"Njano haikupitishwa na Bunge, mama."

Bwana Hafidhi akaibonyeza bangili ya mfano. Sasa, Mheshimiwa Waziri alikuwa ameng'ang'ania kwamba sauti ya kuhimiza iwe yake yeye, kwa kuwa ndiyo sauti ambayo mashujaa wameizoea.

"Askari!" ikanguruma bangili. "Nyoosha mgongo! Songa mbele! Nipo nyuma yako!"

Kufumba na kufumbua uwanja ulibaki wa wanawake na kuku. Sajini Bausi alikuwa juu ya paa la zahanati. Mwingine kaingia kwenye pipa la maji. Koplo Tindwa alionekana kisogo tu, akizama handakini kwake, ng'ambo ya shamba.

Bwana Hafidhi akapiga makofi machozi yakimlengalenga. "Mmeona wenyewe? Wameshaanza kukimbia!"

*

Hapa lazima ifahamike desturi moja ya Shwarini ambayo Wizarani hawakuijua, kwa kuwa Wizarani hakuna aliyewahi kuishi Shwarini ile ya watu. Kitu cha serikali akipewa mume, anayekitunza ni mke. Ilikuwa hivyo tangu enzi za tochi za serikali, ambazo wanaume walizisahau zote vilabuni. Kofia ya serikali huvaliwa na mke shambani. Koti la serikali hufunikwa nalo mtoto. Basi wanawake wakazivaa bangili, simu wakazifunga pindoni mwa kanga, wakaenda zao kazini. Hakukuwa na hila yoyote. Ndivyo vitu vya serikali vinavyotunzwa.

Tena Bi Siwatu alikuwa na sababu ya ziada. Sauti ile isikae nyumba moja na mume wake.

Ikawa anakwenda nayo mtoni, anarudi nayo na ndoo kichwani, anatwanga nayo, anapalilia nayo.

"Askari!" inasema bangili. "Moyo wako unakwenda mbio! Pumua!"

"Nimebeba kuni, mjinga wewe."

"Askari! Umekaa muda mrefu! Inuka utembee!"

"Nakojoa. Na wewe usinitazame."

"Askari! Funga macho, ufikirie jambo zuri."

Bi Siwatu akafunga macho, akamfikiria Jenerali Mavumba anatumbukia kisimani, taratibu, viatu vikitangulia.

"Vizuri sana, askari!" ikasema bangili. "Moyo umetulia kabisa."

Kuanzia hapo akawa anamtumbukiza kila alipochoka. Akamfundisha na Bi Kazija. Kijiji kizima Jenerali akawa anatumbukizwa asubuhi na jioni, na simu zote zikawa kijani kama mchicha.

Wizarani kukawa sherehe. Wataalamu walitazama yale yaliyoruka angani wakashikana mikono. Mashujaa wa Mtondooni wanaamka kabla ya jogoo! Wanatembea mbali kupita askari wa gwaride! Wanainua kitu kizito na kukishusha, wanainua na kushusha, tena kwa kuimba! Jambo moja tu halikufahamika. Kila usiku mioyo yao huruka ghafla, kama mtu aliyeamshwa na ukelele wa aliyelala ubavuni mwake, halafu mkono wenye bangili hupapasa kitu, polepole, mpaka kunapambazuka. Wataalamu walikaa kikao, wakalipatia jina. Mazoezi ya bega.

*

Bwana Hafidhi alirudi Mtondooni anachekacheka. Alimkuta Bi Siwatu anapepeta mchele.

"Hongera, mama! Mumeo ni wa kwanza nchi nzima. Waziri amemtunuku cheo cha Aliyepona wa Taifa. Jumamosi anakuja mwenyewe kumvisha nishani, na wafadhili kutoka ng'ambo, na lori."

"Lori la nini, bwana?"

"La kumrudisha kazini! Kilima bado kipo, mama. Waliopona wote wanarudi kukichukua."

Ungo ukatulia mikononi mwa Bi Siwatu. Alitazama handakini, ambako kulionekana utosi wa mumewe katikati ya majani ya viazi.

"Na asipokuwa amepona?"

"Nyekundu huenda Nyumba ya Kutulizwa."

Nyumba ya Kutulizwa ilijulikana. Aliyeingia alitoka, ikiwa alitoka, mtulivu kama gunia.

"Waziri akishaweka sahihi yake, hakuna wa kuondoa," akaendelea Bwana Hafidhi. "Kijani kilimani, nyekundu Nyumbani, bila kujali cheo cha mtu. Hiyo 'bila kujali cheo' niliitunga mimi. Wafadhili wameipenda mno."

"Bwanangu, pengine bangili imekosea."

Bwana Hafidhi akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mama, usirudie. Bangili haikosei. Nakuja na mashine ya kuhakiki. Kila moyo una mwendo wake, na mashine inajua moyo upi ndio wa bangili ipi. Anayesema bangili imekosea, anasema Waziri amekosea. Sauti ni yake."

Akaondoka. Bi Siwatu akakaa pale na ungo wake mpaka kuku wakamaliza mchele. Kisha akavuka kwa Bi Kazija.

"Shoga, umesikia?"

"Nimesikia. Wanawachukua tena." Bi Kazija alikuwa amelia, macho yamevimba. "Bausi harudi safari hii. Alirudi nusu, nusu hiyo nayo wanaitaka."

"Wamesema bangili haikosei."

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi haikosei," akasema Bi Siwatu. "Hivi yule Jenerali, wewe unadhani amewahi kusikia mzinga wa karibu?"

"Ausikie wapi? Bwawani?"

Wakatazamana. Alianza kucheka Bi Kazija.

*

Jumamosi uwanja ukapambwa. Jukwaa la mbao likafungwa vitambaa mpaka chini. Kwa kuwa itifaki ya Shwarini inadai mzinga upigwe kila nishani inapovishwa, ukaletwa mzinga, ukawekwa mbali kidogo, chini ya ukuta wa shule.

Bi Siwatu akamwendea Bwana Hafidhi kwa unyenyekevu mkubwa. "Bwanangu, ule mzinga mbona kule? Si hautaonekana kwenye picha? Usogezwe nyuma ya kiti cha Mheshimiwa, atoke kama shujaa."

Bwana Hafidhi alipenda sana picha. Mzinga ukasogezwa.

Kabla ya hapo, kukiwa bado hakuna watu, Bi Siwatu alikuwa amemshika mumewe mkono, akamwingiza chini ya jukwaa, akamziba masikio kwa pamba.

"Kaa hapa, Baba Rukia. Ni kama handaki, tena lina pazia. Ukitaka kutikisika, tikisika, hakuna anayekuona."

"Watanichukua, Mama Rukia?"

"Mimi nipo," akasema. Hakusema yuko nyuma wala mbele.

Wafadhili wakaketi na kamera zao. Jenerali Daktari Mavumba akashuka garini, akashuka tumbo kwanza. Akahutubia. Akasema taifa lisilo na mtikisiko haliwezi kutikiswa. Akasema yeye binafsi hajawahi kutikisika hata siku moja, na hilo linatokana na uzalendo. Akasema mengi, jua likapanda.

"Koplo Tindwa, asogee!" akaita Bwana Hafidhi.

Akasogea Bi Siwatu, kanga imekazwa kiunoni.

"Mama, tumemwita Koplo."

"Ndiye mimi."

"Mama, usifanye mchezo, Mheshimiwa anatazama."

"Pima basi," akasema, akanyoosha mkono wenye bangili.

Bwana Hafidhi akaishusha mashine ya kuhakiki huku jasho linamtoka. Mashine ikanusa, ikafikiri, ikawaka kijani, ikapiga wimbo wa taifa. Watu wote wakasimama, hata wafadhili.

Jenerali Mavumba akamtazama mwanamke yule juu mpaka chini. Kichwani mwake mambo yakapita haraka, kitu ambacho hakikuzoeleka huko. Ikiwa huyu si Koplo, basi kijani cha nchi nzima si kijani. Na kamera zinazunguka. Na hotuba ya ushindi ilishatangazwa redioni tangu asubuhi.

"Koplo Tindwa," akasema kwa uzito, "umebadilika sana."

"Mazoezi, Mheshimiwa."

"Nakumbuka ulikuwa na masharubu."

"Yamepona."

"Na mimi ni Sajini Bausi!" Bi Kazija akapasua umati. Nyuma yake wakaja wengine, kila mmoja na cheo cha mumewe, na mashine ikawaka kijani, kijani, kijani, mpaka wimbo wa taifa ukachoka.

"Mheshimiwa," akasema Bi Siwatu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wafadhili, "sisi askari wako tuna ombi moja. Na wewe uvae. Tumuone kiongozi wetu alivyotulia!"

"Avae! Avae!" Vigelegele vikapaa. Mfadhili mmoja akasogeza kamera karibu. Jenerali akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akanyoosha mkono wake mnene, Bi Siwatu akamfunga yeye mwenyewe ile bangili ya mfano ya Bwana Hafidhi, akaikaza. Simu ikaonyesha kijani.

"Mnaona?" akasema Jenerali. "Mimi ni mwamba."

Akamvisha Bi Siwatu nishani. Mzinga ukalia.

Ulilia nyuma ya kisogo chake hasa, moto ukalamba kola ya koti. Moshi ulipoanza kupungua, kiti cha Waziri kilikuwa hakina Waziri. Alikuwa amejipenyeza chini ya jukwaa kwa wepesi ambao bangili haijawahi kuupima kwa shujaa yeyote.

Chini kule kulikuwa na mtu tayari. Koplo Tindwa alikuwa amejikunja, anatetemeka mwili mzima kama alivyoruhusiwa. Mara pazia likafunuka, likaingia tumbo, ikafuata sura ambayo hakuwahi kuiona kwa karibu. Akatoa pamba sikioni. Sauti akaijua pale pale, ingawa safari hii ilikuwa nyembamba, inalia.

"Tufanye nini? Jamani, tufanye nini?"

Koplo alimtazama. Swali lile alilijua. Alikuwa ameliuliza yeye, kwa redio, amelala juu ya rafiki yake aliyekuwa hajibu tena. Akagundua kwamba mikono yake imeacha kutetemeka.

"Songa mbele," akamwambia, kwa upole kabisa. "Nipo nyuma yako."

Akamsukuma kwa mguu.

Jenerali akatokea upande wa pili wa pazia, magoti na viganja chini, bangili mkononi inapiga kelele na simu nyekundu kama pilipili. Walinzi wa Nyumba ya Kutulizwa walikuwa wanangoja pale watakaotoka nyekundu, watu waliofunzwa kutazama rangi, si sura.

"Niacheni! Mimi ni Waziri!"

"Ndiyo, mzee," wakasema huku wanamnyanyua. "Hata yule wa juzi alikuwa Waziri."

"Hafidhi! Waambie!"

Bwana Hafidhi alitazama kamera za wafadhili, akatazama simu, akatazama viatu vyake. "Bila kujali cheo, Mheshimiwa," akasema.

Lori lilikuwa moja tu, likambeba. Na kwa kuwa hapakubaki wa kuweka sahihi ya kwenda kilimani, askari wapya wa Mtondooni wakapewa likizo hadi taarifa nyingine. Taarifa nyingine haikuja. Redio ilitangaza kwamba Waziri anapumzika kwa hiari, na wanaompenda wasimtafute.

*

Basi wanawake wa Mtondooni wakabaki askari kwa mujibu wa sheria, na sheria ya Shwarini inakataza askari kuteka maji.

"Koplo hafuati maji," akasema Bi Siwatu, kajilaza mkekani. "Nitashtakiwa."

Ikabidi wanaume waende. Mwanzo walikwenda kwa kunyatia ukutani. Halafu wakawa wanakwenda kwa kundi, ndoo mikononi, asubuhi na jioni, Tindwa na Bausi na yule wa kwenye pipa. Njiani walianza kusemezana mambo ya kilimani, maneno mawili leo, matatu kesho, kwa kuwa mtu aliyebeba ndoo hatazamwi usoni. Hakuna aliyewapima. Wakirudi wamechoka, wanalala.

Siku moja Tindwa alikuwa anapika, mfuniko ukamponyoka, ukaenda unazunguka sakafuni kwa makelele yake yote. Bi Siwatu akaruka kutoka mkekani, mkono kifuani. Mumewe akautazama mfuniko mpaka ulipotulia, akauokota, akaufunika kwenye maharage.

"Askari!" ikanguruma bangili mkononi mwa Bi Siwatu. "Moyo wako unakwenda mbio!"

Akaivua, akaenda nayo chooni, akaitumbukiza shimoni, taratibu. Akarudi kula maharage yasiyo na majivu.

Lakini bangili zile hula joto, na shimo la choo, Mungu awasamehe wanaolitumia, lina joto la kutosha.

Baadaye akaja Waziri mpya kujionea muujiza wa Mtondooni. Mtu mwembamba, profesa, mwenye bangili mpya garini zenye sauti yake yeye. Alikaribishwa chakula nyumbani kwa Koplo. Maharage yakamkoroga. Akaomba aonyeshwe choo, akaingia, akafunga mlango, akachuchumaa.

"Askari!" ikanguruma sauti iliyoshiba, kutoka chini gizani. "Songa mbele! Nipo nyuma yako!"

Waziri mpya alisonga mbele. Alisonga na mlango, akakata uwanja wote mpaka garini, suruali ikimfuata nyuma kwa mwendo wake wenyewe. Na kule uani, mgongo haupo ukutani, kijiko cha maharage kimeanguka, Koplo Tindwa alicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.